Dawa, Sumu na Kitabu cha Bi. Rachel Carson

Kitabu tunachokusudia kukijadili hapa si kipya, wala hakikuandikwa kwa Kiswahili. Kiliandikwa na Bi. Rachel Carson wa Marekani, kikatoka mwaka 1962 kwa jina la Silent Spring. Huenda msomaji akauliza kwa nini taarifa ya walimu wa Kiswahili ijishughulishe na kitabu cha Kiingereza kihusucho dawa za mashambani. Jibu letu limo katika neno hilo tulilolitumia sasa hivi bila kufikiri: dawa.

Bi. Carson alikuwa mtaalamu wa elimu ya viumbe, na kwa miaka mingi alifanya kazi katika idara ya serikali yao inayohusika na samaki na wanyama wa porini. Kitabu hiki alikiandika huku akiugua saratani, akafariki mwaka 1964. Maudhui yake yaelezeka kwa maneno machache. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakulima na maofisa wa Marekani walianza kumwaga kemikali mpya mashambani, misituni na hata mijini, baadhi yake kwa ndege, ili kuwaangamiza wadudu. Iliyojulikana zaidi ni DDT, ambayo uwezo wake wa kuua wadudu uligunduliwa na Paul Müller wa Uswisi mwaka 1939. Kemikali hizo hazikumwua mdudu aliyekusudiwa peke yake. Zilibaki udongoni na majini, zikaingia katika miili ya viumbe, zikapanda kutoka kwa yule aliwaye hadi kwa yule alaye.

Katika fani, mwandishi anaanza na ngano: mji ambamo asubuhi hakuna ndege aliaye. Kisha anakiri waziwazi kwamba mji huo haupo, ila kila msiba aliousimulia umetokea kweli mahali fulani. Hapo twamsifu. Ngano inamfungua msomaji, halafu ushahidi unamshika. Sura ya tatu, hata hivyo, imesongwa na majina ya kemikali, na mwanafunzi asiyeivumilia ataliweka chini buku zima. Tungemshauri airuke, airudie mwishoni.

Mfano uliotukaa moyoni ni ule wa miti ya elm katika uwanja wa chuo kikuu kimoja cha Michigan. Miti ilinyunyiziwa DDT ili kuwaua wadudu waenezao ugonjwa wa miti hiyo. Majani yakaanguka, minyoo ya udongoni ikayala majani, na mwaka uliofuata ndege aitwaye robin akaila minyoo. Aliyekufa ni ndege, ambaye hakuna aliyemnyunyizia chochote. Mfano wa pili ni wa ziwa Clear Lake huko California, ambako kemikali ya jamii ya DDT ilitiwa majini mwaka 1949, 1954 na 1957 ili kuondoa visubi vilivyowasumbua wavuvi. Kiasi kilichotiwa kilikuwa kidogo mno, lakini katika mafuta ya ndege wazamiao kilikutwa kimejilimbikiza hadi sehemu 1,600 katika milioni. Jozi zaidi ya 1,000 za ndege hao zilipungua hadi 30 hivi ilipofika mwaka 1960.

Sasa turudi kwenye lugha. Bi. Carson alipinga jina la Kiingereza lenye maana ya "kiuadudu", akisema kwamba vitu hivyo vyastahili kuitwa kwa jina lenye maana ya kuua uhai. Kwa Kiswahili twaweza kusema "kiuahai". Yeye alilalamikia jina lililotaja kuua lakini likaficha upana wa mauaji. Sisi tuna shida kubwa zaidi, kwani neno letu la kila siku halitaji kuua kamwe. Dawa ni kitu cha kuponya au cha kuweka mambo sawa. Na kiunganishi chetu kidogo "ya" chafanya kazi mbili zinazopingana: dawa ya mtoto ni ya kumponya mtoto, dawa ya panya ni ya kumwua panya. Mzungumzaji huzitofautisha kwa kuwa anawajua mtoto na panya. Je, dawa ya viazi? Inamponya nani, inamwua nani?

Neno "wadudu" nalo ni pana kupita kiasi. Nyuki ni mdudu, kiwavi ni mdudu, na watu wengi huwaita wadudu hata viini vya maradhi. Asemaye "dawa ya wadudu", akiichukua lugha kwa uzito wake, ametangaza vita na viumbe wote wadogo, na kwa bahati mbaya yaliyomo chupani mara nyingi humtii. Istilahi za "kiuadudu", "kiuagugu" na "kiuatilifu" zimekwisha kuundwa na zimo vitabuni. Ni istilahi nzuri, kwa sababu hazifichi tendo. Lakini zimebaki vitabuni.

Tuna sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wetu mmoja wa huku kaskazini mwa Rwanda aliandika insha juu ya kazi za nyumbani. Alieleza kwamba kila jioni baada ya kupiga viazi dawa ya ukungu huliosha bomba la mgongoni katika kijito kilicho chini ya nyumba yao, na kwamba hapana madhara, maana dawa haimdhuru aliye mzima. Tulisahihisha upatanisho wa kisarufi kwa wino mwekundu, tukampa alama nzuri. Juu ya kijito hatukuandika neno.

Pamoja na sifa hizo, kitabu kina upungufu kwa msomaji wa kwetu. Bi. Carson aliandika akiwa katika nchi iliyokuwa na chakula cha ziada, naye mwenyewe anaitumia hoja hiyo. Mwenye robo ya hekta juu ya mlima hawezi kuitumia. Hapa Rwanda serikali ilianzisha mpango wa kuzidisha mazao mwaka 2007, ukaleta mbolea ya viwandani na mbegu bora, na mavuno ya mahindi yakaongezeka. Hatuwezi kumwambia mama wa watoto sita kwamba hilo ni kosa. Twasema hivi huku tukikumbuka kwamba Bi. Carson hakutaka kemikali zote zikomeshwe, ingawa wapinzani wake walimzulia hivyo. Alitaka zisitumiwe kiholela na watu wasiojua nguvu zake. Marekani ilipiga marufuku matumizi ya DDT mashambani mwaka 1972, ilhali Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliiruhusu kwa kupambana na mbu wa malaria.

Jambo jingine. Katika kutaja viuadudu vitokanavyo na mimea, mwandishi anaitaja pareto, ambayo huvunjika upesi juani. Sisi tunaoishi karibu na mashamba ya pareto twajua upande mwingine wa habari. Mwishoni mwa miaka ya 1960, karibu hekta 9,000 za msitu wa Hifadhi ya Volkano zilikatwa ili kupanda ua hilo, na sokwe wa milimani wakabanwa juu. Kwa hiyo sumu iliyo laini nayo yaweza kula msitu kabla haijamgusa mdudu. Hilo kitabu hakikuweza kulisema, kwa kuwa lilitokea baada yake.

Jina la kitabu tumelitoa darasani liwe zoezi la tafsiri. Wengi waliandika "Masika Yaliyo Kimya". Tuliwauliza kama masika ya huku, na radi zake, yaweza kuwa kimya. Wakacheka, wakajaribu tena.

Muhula huu mwanafunzi mwingine ameleta sentensi iliyofanana na ile ya kijitoni. Tumepiga mstari chini ya neno "dawa", na pembeni tukaandika "sumu?" Akaja ofisini na daftari lake kuuliza kosa liko wapi, maana ngeli zote zilikuwa sahihi.