Wanaozitunza Ngoma za Bujora

Sisi wa Kasense, katika nchi ya Wafipa, tunajua mvua inavyoula udongo. Malungu, zile tanuru ndefu walizoyeyushia chuma Wafipa, yanamomonyoka porini kila masika. Ndiyo maana nawaheshimu sana watunzaji wa Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement kutoka Kanada.

Ngoma haitunzwi kwa kufungiwa chumbani tu. Wakati wa mvua ngozi hunyonya unyevu, ikalegea na kuota ukungu. Kiangazi hukauka hadi ikapasuka. Mti wenyewe huliwa na bungua kutoka ndani, na dalili ya kwanza ni unga mwembamba sakafuni. Anayefagia asipoutambua, basi ngoma imekwenda.

Mwezi Juni, tamasha la ngoma la Bulabo likifika, uwanja hufurika wachezaji na watazamaji. Baadaye wageni huadimika, na viingilio pia. Bungua hawana msimu. Banda la watemi, lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi, lazima lifagiliwe siku isiyo na mgeni hata mmoja, na paa likaguliwe kabla mvua hazijarudi.