Kisasili na Ububu katika Filamu ya "De Voortrekkers"

"De Voortrekkers" ni filamu bubu iliyotengenezwa Afrika Kusini mwaka 1916. Hadithi yake ilitungwa na Gustav Preller, mwandishi wa magazeti na mwanahistoria wa Makaburu. Mwongozaji wake alikuwa Harold Shaw, Mmarekani. Nayo kampuni iliyoitengeneza ni African Film Productions ya I. W. Schlesinger. Huko Uingereza ilionyeshwa kwa jina la "Winning a Continent", maana yake kulitwaa bara. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba nguvu ya kisiasa ya filamu hii haitokani na kupotosha matukio tu, bali hutokana zaidi na namna inavyogawa usemi: nani apewe maneno, na nani asemewe.

Msingi wa hadithi ni matukio ya kweli. Katika miaka ya 1830 Makaburu wengi walilihama koloni la Cape, wakiukimbia utawala wa Waingereza, uliokuwa umefuta utumwa mwaka 1834. Tarehe 6 Februari 1838 kiongozi wao, Piet Retief, pamoja na wenzake, waliuawa uMgungundlovu kwa amri ya Dingane, mfalme wa Wazulu. Tarehe 16 Desemba mwaka huo huo, kando ya mto Ncome, Makaburu wa Andries Pretorius waliyapanga magari yao ya ng'ombe yakawa boma, wakawaua kwa bunduki na mizinga Wazulu wanaokadiriwa kufikia 3,000. Kwa upande wao walijeruhiwa watu watatu tu. Inasimuliwa kwamba kabla ya vita waliweka nadhiri kwa Mungu. Hapo ndipo historia inapogeuka kisasili: ushindi wa risasi juu ya mikuki unafanywa hukumu ya Mungu, na ardhi iliyotekwa inaitwa zawadi Yake.

Ni lazima kuuliza kwa nini kisasili hiki kilihitajika mwaka 1916. Muungano wa Afrika Kusini ulikuwa na umri wa miaka sita. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1913 ilikuwa imewatengea Waafrika takriban asilimia 7 ya nchi. Mwaka 1914 baadhi ya Makaburu waliasi, wakikataa kupigana upande wa Waingereza katika Vita Kuu. Wakuu wa Muungano walihitaji hadithi itakayowapatanisha Wazungu wa makundi mawili. Kwa hiyo ugomvi na Mwingereza, ambao ndio chanzo cha safari yenyewe, unafifizwa. Nafasi ya adui wanapewa wafanyabiashara wa Kireno, wanaomtia Dingane fitina ili awachukie wageni.

Fitina hii si pambo la hadithi. Ndiyo kiini cha itikadi yake. Inamnyima Dingane akili yake mwenyewe. Mfalme aliyeona watu wenye bunduki wakija kumwomba nchi hakuhitaji mchochezi ili aingiwe na hofu. Lakini hofu hiyo ikikubaliwa kuwa yake, mtazamaji atalazimika kukubali pia kwamba alikuwa na sababu; na mwenye sababu huenda akawa na haki.

Kinyume cha Dingane ni Sobuza, Mzulu aliyeongoka akawa Mkristo. Katika filamu yeye ndiye anayemwua mfalme wake. Ukweli ni mwingine: Dingane alishindwa mwaka 1840 na Mpande, ndugu yake aliyekuwa ameshirikiana na Makaburu, akauawa ukimbizini katika milima ya Lubombo. Kwa kumtumia Sobuza, filamu inapata Mwafrika wa kuuidhinisha ushindi wa Mzungu. Na malipo yake? Mwishoni Wazungu wanaabudu ndani ya kanisa, naye Sobuza yuko nje ya mlango. Picha hiyo moja inaieleza siasa ya Muungano kuliko hotuba nyingi.

Yaweza kusemwa kwamba katika filamu bubu wahusika wote ni bubu. Sivyo. Maandishi yanayotokea kati ya picha ndiyo sauti ya filamu, nayo yaliandikwa kwa lugha za Wazungu. Kila neno la Dingane limepita kwanza katika kalamu ya Preller. Hata hivyo ububu huo ulivunjwa mara moja, tena si mbele ya watazamaji. Walioajiriwa kuigiza jeshi la Wazulu walikuwa wafanyakazi wa migodi ya Rand, na siku ya kupiga picha za vita igizo liligeuka mapigano ya kweli, hata polisi wakaingilia kati. Kisasili kilidai waanguke, nao hawakukubali kuanguka kwa urahisi.

Si kila kazi itumiayo kisasili hukitumia hivi. Katika "Kinjeketile" (1969), Ebrahim Hussein anashughulikia imani ya kwamba maji yatamkinga mpiganaji na risasi. Nguvu ya imani hiyo katika kuunganisha watu inaonyeshwa, na hatari yake pia. Mwenye kuitangaza hupata mashaka mbele yetu. Preller hamruhusu Kaburu hata mmoja kuitilia shaka nadhiri. Naye Sol Plaatje, katika riwaya yake "Mhudi" (1930), anatukumbusha jambo ambalo visasili vya Makaburu hupenda kulisahau: kwamba wahamaji hao, walipopokonywa mifugo yao na Wandebele, walisaidiwa na Barolong.

Filamu ilionyeshwa kwanza mjini Krugersdorp tarehe 16 Desemba 1916, siku ya kumbukumbu ya vita, ili tarehe yenyewe iwe mali ya upande mmoja. Haikubaki hivyo. Tarehe 16 Desemba 1961 Umkhonto we Sizwe ilianza mapambano yake ya silaha. Tangu 1995 siku hiyo ni Siku ya Maridhiano, na mwaka 1998 mnara wa kuwakumbuka Wazulu ulizinduliwa ng'ambo ya Ncome. Mhakiki wa filamu hii hana budi kusimama ng'ambo hiyo pia, kwa sababu kamera ya mwaka 1916 ilitazama kutoka ndani ya boma tu.