Kiapo Nilichomuandikia Mwingine



Kila kiangazi hapa Bukavu, wakati ndoa zinakuwa nyingi, vijana wananipigia simu na ombi moja: "Mukubwa, weye ulisomaka mambo ya luga, unisaidie kidogo na kiapo yangu." Katika makanisa mengi ya Kiprotestanti na ya uamsho, siku hizi bwana-arusi na bibi-arusi wanaongeza maneno yao wenyewe kisha yale ya mchungaji. Wakatoliki, ambao maneno yao ya kukubaliana yamewekwa na Kanisa, wanasoma yao jioni ukumbini, mbele ya keki. Ni mtindo mpya, na sisi wenye diplome ndio tunaupenda zaidi.

Nimesahihisha viapo vingi. Leo nataka kuhukumu kimoja ambacho niliandika mimi.

Nilimuandikia binamu yangu. Alinipatia siku mbili tu, nami nikajivunia. Kilianza hivi: "Wewe ni jua la asubuhi yangu, wewe ni mvua katika kiangazi changu. Tangu siku nilipokuona, moyo wangu haujui usingizi." Kiliendelea hivyo ukurasa mzima. Alikisoma na sauti ya kutetemeka, wamama wakapiga vigelegele, bibi-arusi akalia. Mimi nilikaa nyuma nikijisikia mwandishi. Kisha wakakichapisha vizuri na kukitundika katika kadre, kwenye ukuta wa saloni.

Kisha ya mwaka moja na nusu, shemeji alinipigia. Alikuwa amepata nafasi ya kuendelea na masomo katika mji mwingine, miezi nane. Binamu yangu alikataa: bibi hawezi kuacha nyumba. Shemeji akaniambia: "Nimesimama mbele ya ile kadre, nimesoma yote, natafuta fasi moja tu ya kumukumbusha. Sikuona kitu. Sasa uniambie kweli: ile maneno, ni yeye aliandikaka ao ni weye?"

Nilinyamaza. Akaelewa.

Tangu siku ile nimekisoma tena mara nyingi, na kosa lake la kwanza linaonekana katika sarufi. Luga yetu inatupatia chombo kizuri cha kuahidi: "nita-" na "sita-". Katika ukurasa mzima niliandika "nita-" mara mbili: nitakupenda, nitakufurahisha. "Sita-" haimo hata mara moja. Maneno mengine yote ni "wewe ni", "wewe ni". Zile ni sifa. Mtu anaweza kumsifu bibi yake asubuhi mpaka jioni bila kujifunga kwa kitu chochote.

Mimi naona kipimo cha kiapo ni hiki: je, kinaweza kuvunjwa? Ukisema "sitauzisha kiwanja bila wewe kukubali", siku utakapouzisha kwa siri kila mtu atajua umevunja neno. Lakini ukisema "wewe ni jua langu", utalivunja namna gani? Binamu yangu alimkatalia bibi yake masomo, na hakuvunja hata mstari moja wa kiapo chake. Basi kilikuwa kiapo cha nini?

Tena angalieni jambo hili. Siku ya mahari, hakuna anayesema kwa mashairi. Mbuzi zinahesabiwa, ng'ombe inatajwa, pesa inahesabiwa mbele ya mashahidi, na kama kunabaki deni, kila mtu analikumbuka. Wazee wetu wanajua kusema wazi wakati kitu kina bei. Siku ya kiapo, tunaanza kusema mambo ya nyota.

Kuna wanaosema: basi tuache huo mtindo, maneno ya zamani ya kanisa yanatosha. Ninawaheshimu, kwa sababu yale maneno ya zamani yana nguvu ambayo kiapo changu hakikuwa nayo: yanataja ugonjwa, yanataja shida, yanataja kifo. Hata sheria ya leta inasema wazi zaidi kuliko mimi. Kitabu chetu cha sheria ya familia cha mwaka 1987 kinataja kuishi pamoja, uaminifu, heshima, kusaidiana. Lakini kilitaja pia kwamba bibi anapaswa kumtii bwana wake, na kwamba anahitaji ruhusa yake kwa mambo mengi ya kisheria. Mwaka 2016 sheria ilibadilishwa: ile ruhusa iliondolewa, neno la kutii nalo liliondolewa, ingawa bwana alibaki kichwa cha nyumba. Ona sasa: mambo ambayo nchi ilichukua karibu miaka 30 kuyarekebisha, juu ya kazi, pesa na uhuru wa bibi, ndiyo hasa sisi tunaogopa kuandika katika viapo vyetu. Mwenye kuacha maneno ya zamani na kuandika yake, aende mbali kuliko yale ya zamani. Mimi nilirudi nyuma.

Nilisikia kiapo kizuri mara moja tu. Kijana moja, hakusoma sana, alisimama bila karatasi akasema: "Mama yangu akikukosea, nitasema mbele yake, sitangoja tufike ku chumba. Pesa yako ya kazi, sitaiuliza. Kama mimi njo nakosa kazi, sitalala ku kitanda siku nzima weye ukienda ku soko." Watu hawakupiga vigelegele mara moja. Kwanza walimwangalia mama yake. Yule mama aliinamisha kichwa kidogo, kisha akapiga kigelegele yeye wa kwanza. Mule ukumbini wote tulikuwa mashahidi wa kitu.

Kwa hiyo sasa, mukinipigia simu, sitaandika. Nitauliza tu maswali: Unaogopa nini katika hii ndoa? Yeye anaogopa nini? Mulikwisha kuzungumza juu ya masomo yake, juu ya wadogo zako wanaokuja kukaa kwenu, juu ya simu na pesa? Majibu ndiyo kiapo. Hata kama Kiswahili chake kimepinda, kiache.

Juzi binamu yangu alikuja kwangu. Alitaka nimuandikie bibi yake barua ya kuomba musamaha, "lakini na yale maneno yako mazuri." Nilimpatia kalamu na karatasi, nikatoka inje. Alikaa karibu saa nzima. Alipotoka, karatasi ilikuwa imekunjwa mfukoni, na sikuomba kuisoma.