Shimo Lisiloachwa Tupu

Katikati ya Boston, Marekani, kuna bustani ndogo kwenye uwanja uitwao Post Office Square. Saa za mchana watu wa ofisini hukaa kwenye majani wakila chakula chao. Chini yao zimo ghorofa 7 za maegesho ya magari 1,400. Zamani hapo palisimama jengo la maegesho la zege la mwaka 1954. Lilibomolewa 1988; maegesho ya chini yakafunguliwa 1990, na bustani 1992.

Ukiyasema hivi yanaonekana mepesi. Lakini shimo lenyewe lina kina cha zaidi ya mita 20, limebanwa na majengo marefu, na ardhi ya Boston ina udongo mfinyanzi wa buluu, laini, wenye maji. Ukichimba ovyo, kingo hubomoka na jirani hupata nyufa. Ndiyo maana mafundi hawakugusa shimo kwanza. Walianza na ukuta.

Ukuta huo hujengwa ukiwa bado umezikwa. Winchi hushusha ndoo nzito ya chuma yenye taya mbili, ikachimba mtaro mwembamba wa upana unaokaribia mita moja. Kila ndoo ya udongo inapotoka, mtaro hujazwa uji wa bentonaiti, udongo laini uliokorogwa na maji. Uji huo ni mzito kuliko maji, nao husukuma kingo zisianguke. Dereva haoni taya zake tena. Zinafanya kazi ndani ya tope. Husikiliza waya, hutazama kama umenyooka, hushusha tena.

Kina kikitimia, fremu ya nondo iliyosukwa juu huinuliwa wima na kuzamishwa polepole, isikwaruze kingo. Kisha hushushwa bomba refu hadi chini kabisa, zege likamiminwa kupitia humo. Hapa ndipo penye ustadi. Mdomo wa bomba lazima ubaki umezama ndani ya zege jipya. Fundi akilivuta mapema, tope litachanganyika na zege na ukuta utakuwa na kidonda kisichoonekana. Basi hupima, huinua kidogo, hungoja. Zege hupanda kutoka chini, likiusukuma uji juu, nao hunyonywa, husafishwa, hupelekwa kwenye kipande cha mtaro kinachofuata. Kipande kwa kipande, ukuta huuzunguka uwanja mzima.

Nguzo nazo huzamishwa kabla ya shimo kuwapo. Halafu jamvi la zege la juu humwagwa juu ya ardhi yenyewe, likiachiwa matundu. Kupitia matundu hayo wachimbaji huteremka na mashine ndogo, wakafanya kazi kwa mwanga wa taa chini ya dari lililokwisha kukauka. Wakifika kimo cha ghorofa moja husimama na kumwaga jamvi jingine. Jamvi hilo ni sakafu ya magari, lakini kwanza ni mkono unaozizuia kuta zisiinamie ndani. Ndipo huchimba tena. Muda wote huo wapimaji hurudia vipimo vyao, wakitafuta kama ukuta au jengo la jirani limesogea hata milimita chache.

Nyumba nyingi huanza na msingi na kumalizika kwa paa. Hapa paa lilitangulia ghorofa zote. Na katika safari yote hiyo ardhi haikuachwa bila kitu cha kuegemea: uji ulishika nafasi ya udongo, zege likashika nafasi ya uji, na sakafu zikapokea mzigo uliokuwa wa ardhi.

Mwisho paa huzibwa maji yasipenye, na udongo hurudishwa juu yake, safari hii wenye rutuba. Mtunza bustani huusawazisha kwa reki, hupiga goti, hushindilia mche kwa viganja viwili. Baada ya tani zote zile zilizotolewa, kazi inaishia pale ilipoanzia: mtu na udongo, akiubonyeza taratibu ushike.