Kistari Kati ya 1917 na 1943

Mwaka 1943, mwaka aliotimiza miaka 50, mchoraji wa rangi za maji Charles Burchfield alizitoa kabatini karatasi alizozichora Salem, Ohio, akiwa kijana wa miaka 24, akabandika vipande vya karatasi mpya kuzizunguka, kisha akaendelea kupaka rangi. Naanza na tendo hilo kwa sababu ndipo alipokosea, na kwa sababu wachambuzi wengi wamelisifu. Wanasema lilimkomboa kutoka miongo miwili ya kuchora reli, viwanda na nyumba chakavu za miji midogo, likamrudisha kwenye vichaka, nyenze na mwezi. Kurudi huko kulikuwa sawa kabisa. Lakini kurudi msituni ni jambo moja, na kuifufua karatasi ileile iliyokwisha kuuchora msitu huo miaka 26 nyuma ni jambo jingine, na sifa anazostahili kwa lile la kwanza zimetumika kulifunika hili la pili.

Tuangalie kazi yenyewe inavyokwenda. Katika rangi za maji nuru haitoki kwenye rangi, inatoka kwenye karatasi: rangi nyepesi inalala juu ya weupe, na weupe unaurudisha mwanga kupitia rangi hiyo. Karatasi iliyokaa robo karne imeshabadilika. Gundi iliyotiwa kiwandani ili isinywe maji ovyo imeanza kulegea, weupe umeingia umanjano, na kila rangi inapokelewa kwa namna ambayo mchoraji hakuizoea. Sasa bandika karatasi mpya pembeni yake. Brashi ni moja, maji ni yaleyale, lakini upande huu tone linazama papo hapo na upande ule linakaa juu likingoja kukauka. Halafu kuna mshono. Mshono hauwezi kufichwa kwa tabaka jepesi, kwa sababu tabaka jepesi linaingia kwenye ufa na kuuchora kama mstari wa penseli. Unafichwa kwa rangi nzito, kwa brashi iliyokaushwa, kwa chaki na mkaa. Na uzito ukishaingia pembeni, katikati panaonekana pamepauka, kwa hiyo napo panaongezewa, na kila kinachoongezwa pale kinaziba weupe ambao kijana wa 1917 aliuacha kwa makusudi. Burchfield alikuwa fundi wa kubandika, na mtu akisimama mbali haoni kitu. Lakini fundi wa mshono hata akiwa hodari vipi, hawezi kurudisha nuru iliyofunikwa. Ajabu ni kwamba huyu alikuwa mtu wa Injili, na mfano wa kiraka kipya juu ya vazi kuukuu bila shaka aliufahamu.

Hasara kubwa zaidi iko kwenye mpangilio. Chukua The Insect Chorus ya 1917, karatasi yenye urefu wa sentimita 50 hivi. Kelele ya wadudu wa Agosti imechorwa kwa mistari ya kupindapinda na vijipinde vilivyorudiwa, vikikizunguka kichaka na nyumba mpaka vinagusa ukingo. Ukingo ndio unaoibana sauti hiyo. Mchoro unavuma kwa sababu hauna pa kutokea, kama jogoo aliyefungiwa chumbani. Ongeza sentimita 30 kila upande na sauti itatawanyika. Mwaka huohuo alijaza daftari la maumbo mepesi aliyoyapa majina ya hali za moyo, hofu na huzuni zikiwemo. Maumbo yale yalikuwa alfabeti ya karatasi ndogo. Yanasomeka yanapokuwa machache na yako karibu karibu. Kwenye karatasi zilizopanuliwa yanarudiwa mara kumi, ishirini, kila mti unapewa mawimbi yake na kila jani mwanga wake, na herufi inageuka kuwa nakshi. Hapa siwezi kujizuia kukumbuka kwamba Burchfield aliwahi kubuni karatasi za ukutani katika kiwanda cha Birge, Buffalo, kwa miaka minane. Kazi ile ilimlisha yeye na familia yake, nami siidharau. Ila mkono uliozoea kurudia ua moja mpaka ukuta ujae ulihitaji mipaka, na vipande vya karatasi vilimwondolea mipaka hiyo.

Watetezi wana hoja tatu. Ya kwanza: karatasi zilikuwa zake, na nyingine hakuzimaliza au alizihesabu kuwa zimemshinda. Haki ya mwenye mali siibishi. Lakini aliyeshindwa ni kijana mwingine, mwenye macho mengine, na kama mchoro haukukamilika, karatasi tupu ilikuwepo. Ya pili ni matokeo. Wanataja Sun and Rocks, yenye tarehe 1918–50, na ukweli ni kwamba ina nguvu. Nami nawajibu kwa Orion in Winter ya 1962, aliyoianza upya uzeeni bila kiini cha ujana ndani yake, na ambayo ni bora. Hiyo inatosha kuonyesha kwamba gundi haikuwa sharti la kukomaa.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, maana inagusa imani. Katikati ya miaka ya 1940 Burchfield, aliyekuwa mbali na kanisa kwa muda mrefu, alijiunga na Kanisa la Kilutheri la mkewe, Bertha. Inasemwa kwamba karatasi ndogo za ujana zilibeba hofu tu, na kwamba ilibidi zipanuliwe ili imani ipate nafasi. Tazama The Four Seasons, wanasema, aliyoishughulikia kutoka 1949 hadi 1960: miti inainama na kukutana juu kama tao la kanisa kuu la Kigothi, na majira yote manne yanafuatana ndani yake, theluji mbele, dhahabu ya vuli ndani kabisa. Naheshimu moyo ulioichora. Lakini mti ulioinamishwa uwe kanisa umepokonywa ushuhuda wake wenyewe. Mchoraji anayeamini kwamba Mungu yuko kwenye gugu hana haja ya kulivalisha gugu joho la padri. Burchfield mwenyewe aliujua ukweli huo alipochora vichwa vya mbegu za dandelioni chini ya mwezi, kazi ya miaka ya 1960, ambapo gugu la kando ya njia limeachwa liwe gugu, na linang'aa.

Mwalimu wa jambo hili alikwisha pita. Mwaka 1503 Albrecht Dürer alichora bonge la nyasi kwenye karatasi isiyozidi sana sentimita 41 kwa 32. Hakuna malaika wala tao. Kuna dandelioni zilizofumba maua, majani mapana yaliyolala chini, mizizi inayoonekana kwenye tope, na nyuma yake patupu. Najua Dürer naye alitumia rangi nzito pamoja na ile nyepesi, na watu hunikumbusha hilo kila ninapoilalamikia rangi nzito. Tofauti ni kwamba yeye aliiweka pale unyasi ulipoidai, si pale mshono ulipoidai. John Sell Cotman naye, alipochora daraja la mto Greta karibu 1805, alilaza tabaka pana, tulivu, akainua mkono na kuacha, kwenye karatasi ambayo gazeti lililokunjwa lingeifunika. Nimesema mara nyingi katika safu hii kwamba kiu ya ukubwa imewaharibu wachoraji wa rangi za maji kuliko umaskini ulivyowaharibu. Walichoshwa kuitwa wadogo wa wachoraji wa mafuta, wakaanza kushindana kwa mita. Burchfield hakuwa na haja ya kushindana na yeyote. Mwaka 1930 Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York lilikuwa limeshazionyesha karatasi zake za 1916 hadi 1918 peke yake, zikiwa katika udogo wao, na hazikuhitaji nyongeza.

Church Bells Ringing, Rainy Winter Night iko Cleveland, na tarehe yake ni 1917 tu, bila kistari. Mnara wa kanisa una uso wa kutisha, mvua inateremka, nyumba zimekodoa macho, na hofu ya Mungu ya mtoto mdogo imeenea kwenye urefu wa sentimita 76. Itazame kwanza hiyo. Halafu ukikutana na mchoro wake wenye tarehe mbili, kabla ya kusifu chochote, tafuta pembe nne za karatasi ya zamani, na uifunike kwa mkono sehemu yote iliyoongezwa.