Zawadi Kabla ya Mtihani: Shule Moja ya Kata Ilivyowaaga Wahitimu Wake

Mahafali ya kidato cha nne hapa Tanzania yana jambo moja ambalo tumelizoea mpaka hatulioni tena: tunawapongeza vijana kwa kumaliza kitu ambacho bado hawajakimaliza. Shamrashamra huwa Septemba au Oktoba, mtihani wa taifa unakuja Novemba. Kidato cha sita nao huagwa kabla ya mtihani wao wa Mei. Kwa hiyo binti wa kidato cha nne anayepanda jukwaani kupokea zawadi ya mwanafunzi bora wa Fizikia hana matokeo yoyote ya sekondari ya Baraza la Mitihani zaidi ya yale ya upimaji wa kidato cha pili. Matokeo yakitoka mwezi Januari, huenda akapitwa na mwenzake ambaye hakuitwa kabisa, na huyo mwenzake hapati tena jukwaa la kuitwa.

Siilaumu kalenda. Vijana wakishafanya karatasi ya mwisho hutawanyika siku hiyohiyo, na hakuna mkuu wa shule mwenye ubavu wa kuwakusanya tena. Ila kalenda hiyo inaibebesha shule kazi nzito: kwa kuwa Baraza bado halijasema, shule yenyewe ndiyo ipime, ichague na itangaze. Mahafali mengi huharibikia hapo. Nguvu zote huishia kwenye turubai, muziki, keki na kumtafuta mgeni rasmi, na orodha ya zawadi huandikwa usiku wa kuamkia sherehe.

Mwaka jana nilialikwa kwenye mahafali ya shule moja ya kata mkoani Morogoro, mojawapo ya shule zilizoota baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari kuanza mwaka 2004: madarasa imara, uwanja mpana, bwalo hakuna. Wahitimu walikuwa wapatao 120. Pilau na muziki nawaachia wengine. Nitachambua sehemu ya zawadi, maana ndiyo iliyofanywa kwa akili, na kwa sehemu ndogo ndiyo iliyokosewa.

Tuanze na ratiba. Ratiba za mahafali yetu huandikwa kwa kumfuata mgeni rasmi. Utambulisho unakula saa nzima. Kila msemaji anataja vyeo vya meza kuu kimoja baada ya kingine, halafu, akiwa ameshavimaliza vyote, anasema itifaki imezingatiwa. Wanafuata skauti, kwaya, ngonjera, maonesho ya sayansi, risala, taarifa ya mkuu wa shule, neno la mwenyekiti wa bodi, hotuba ya mgeni rasmi na harambee. Zawadi zinafika saa kumi jioni, wakati wazazi wa vijiji vya mbali wameshaanza kuulizia bodaboda.

Shule hii iliipindua ratiba. Zawadi za taaluma zilitolewa asubuhi, mara tu vijana walipomaliza kuwaonesha wazazi majaribio ya Kemia, na wala hazikumsubiri mgeni rasmi. Zawadi ya kila somo ilikabidhiwa na mwalimu wa somo hilo akiwa pamoja na mzazi wa mwanafunzi. Mgeni rasmi aliachiwa vyeti. Mwalimu wa taaluma aliniambia sababu bila kuzunguka: mgeni akichelewa, shughuli isisimame. Na kweli alichelewa, akafika zawadi zikiwa zimetolewa nusu. Lakini mabadiliko hayo yalizaa faida ambayo nadhani hawakuipanga. Ilipofika zamu yake ya kuhutubia, mgeni alikuwa ameshawaona vijana wenyewe, akawa anatoa mifano kwa kuwataja majina. Hotuba yake ikawa fupi na yenye watu ndani yake. Kwa kawaida hotuba hizi huwa na takwimu za madawati.

Jambo la pili ni muda wa kugawa vyeti, na hapa hesabu haidanganyi. Wahitimu 120, kila mmoja akitumia sekunde 20 kuanzia jina kusomwa hadi kuondoka jukwaani, ni dakika 40. Kila mmoja akisimamishwa apigwe picha na mgeni rasmi, sekunde zikawa 35, ni saa moja na dakika kumi. Nusu saa nzima imeliwa na picha ambazo nyingi hazimfikii mzazi. Hapa walichora mistari miwili ya chokaa ardhini. Kwenye wa kwanza walisimama vijana watano wakisubiri, kwenye wa pili alisimama mmoja akipokea. Jina la anayefuata lilisomwa aliyepokea akiwa bado anageuka. Mpiga picha alikaa upande wa kutokea, akipiga kila kijana akishuka na cheti chake, bila kumzuia mtu. Wazazi wenye mataji ya maua na noti za kutunza walipewa eneo lao palepale pembeni, vigelegele vikaendelea huko wakati msomaji anaita jina jingine. Nimehudhuria sherehe za shule zenye ada kubwa ambako jambo hili dogo liliwashinda.

Wasomaji wa majina nao hawakuwa washereheshaji wa kukodi. Walikuwa walimu wa madarasa, kila mmoja na mkondo wake. Mwalimu wa darasa ameyasoma majina yale kila asubuhi kwenye daftari la mahudhurio, hayamkwazi. Mshereheshaji wa kukodi huyaokota siku hiyohiyo, akakwama kwenye jina la Kisukuma au la Kiluguru, akalifanyia mzaha ili aokoe aibu yake. Kijana aliyengoja miaka minne jina lake litajwe mbele ya mama yake hapaswi kuitwa kwa mzaha.

Sasa tuingie kwenye vigezo.

Mtindo uliozoeleka ni zawadi kwa kila somo, na mwishoni zawadi ya mwanafunzi bora wa jumla. Matokeo yake tunayajua. Mtoto mmoja anaitwa kwa Hisabati, anaitwa kwa Fizikia, kwa Kemia, kwa Biolojia. Mara ya kwanza uwanja unalipuka, mara ya tano makofi ni ya adabu tu, na wenzake wameanza kuguna. Anarudi kwenye kiti amekumbatia ndoo, madaftari, mkebe wa hisabati na kamusi mbili za aina moja. Shule hii ilimwita binti wa namna hiyo mara moja tu, ikasoma masomo yake yote kwa mfululizo, ikampa zawadi moja yenye uzito. Kisha kwa kila somo alilokuwa ameongoza yeye, akaitwa aliyemfuata. Vijana kadhaa ambao wasingepanda kabisa wakapanda, na binti hakupungukiwa na kitu.

Lakini lililonivutia zaidi ni zawadi ya aliyepanda zaidi kimasomo. Shule nyingi zina zawadi ya namna hii, na nyingi huitoa kwa hisia: walimu wanakaa, mmoja anasema yule kijana siku hizi anajitahidi, basi. Hapa walipiga hesabu. Walichukua pointi za kila mwanafunzi kwenye upimaji wa kidato cha pili wakazilinganisha na pointi za mtihani wa utamilifu, ambao wote tunauita moko. Waliohamia baada ya kidato cha pili hawakuhesabiwa.

Kwa nini pointi na si madaraja? Kwa wasiokumbuka: kidato cha nne huhesabiwa masomo saba bora, A ikiwa pointi 1 na F pointi 5, hivyo aliyefanya vizuri kupita wote ana 7 na wa mwisho ana 35. Daraja la kwanza ni 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33. Sasa mchukue kijana aliyekuwa na D mbili na F tano. Hizo ni pointi 33. Akihangaika miaka miwili akazigeuza F zote tano kuwa D, na D mbili kuwa C, ana pointi 26. Amepanda katika kila somo, bila kubakiza hata moja, na bado yuko daraja la nne. Mwenzake aliyekuwa na 18 akipandisha somo moja kutoka C kwenda B anapata 17, na anatangazwa kuwa ametoka la pili kwenda la kwanza. Ukipima kwa madaraja, wa pili ndiye shujaa na wa kwanza haonekani. Ukipima kwa pointi, wa kwanza amepanda mara saba ya mwenzake.

Pointi nazo zina hila. Aliyeanza chini ana nafasi kubwa ya kupanda, na aliyeanza na pointi 9 hawezi kupanda zaidi ya mbili hata akifanya muujiza. Mwalimu wa taaluma aliliona hilo, akawagawa wanafunzi makundi matatu kwa pointi walizoanza nazo: wa 21 kushuka, wa 22 hadi 28, na wa 29 kwenda juu. Kila kundi likatoa mshindi wake. Mtu mwenye jicho kali atasema upimaji wa kidato cha pili na moko si mitihani ya uzito mmoja, wala wasahihishaji si walewale. Ni kweli. Ila wanafunzi wote wa shule ile walifanya mitihani ileile miwili, kwa hiyo kosa la kipimo limewagusa wote kwa pamoja. Kwa kulinganisha watoto wa shule moja, inatosha.

Naiona zawadi hii kuwa na uzito zaidi tangu Januari 2023, Baraza lilipotangaza matokeo ya mwaka 2022 bila kutaja shule kumi bora wala watahiniwa kumi bora. Hoja iliyotolewa, kwamba watoto hawasomi katika mazingira sawa, haiishii kwenye tofauti ya shule na shule. Ndani ya shule ya kata moja yumo anayetoka nyumbani hatua chache, yumo anayetembea alfajiri, na yumo aliyepangishiwa chumba cha geto karibu na shule na kujipikia mwenyewe. Kumpima kila mmoja dhidi ya alipoanzia ndiyo haki iliyo karibu zaidi ambayo mwalimu mwenye daftari na kikokotoo anaweza kuitenda.

Pamoja na kila jina la zawadi hii ilisomwa sentensi moja ya sababu. Ya kijana wa kundi la pointi 29 kwenda juu ilisema kwamba kidato cha pili alikuwa na F tano na kwenye moko hakuwa na hata moja. Mama mmoja mwenye khanga, jirani yangu, ambaye mpaka hapo alikuwa akizungumza na simu, aliiweka simu mapajani akauliza, "Kumbe huyu naye ni wa shule hii hii?" Uzuri wa sentensi zile ni kwamba zilitaja kazi ya mtoto, hazikutaja mikosi yake. Hakuna aliyetangazwa kwenye spika kuwa ni yatima, wala kwamba alijifungua akarudi shule. Tangu zuio la wanafunzi waliojifungua lilipoondolewa mwishoni mwa 2021, wapo wasichana wanaorejea na kuhitimu, na zipo shule ambazo kwa nia njema huwageuza ushuhuda jukwaani. Kuwaheshimu ni kusoma pointi zao kama za wengine.

Yaliyokosewa siku hiyo ni mawili. Risala ya wahitimu ilisomwa kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya kufundishia sekondari. Ilieleza shida ya maji na upungufu wa walimu wa Hisabati, mambo ambayo wazazi waliokaa pale ndio wangeyachangia, na ndicho kipindi pekee ambacho uwanja mzima ulikuwa kimya bila kuelewa. Kosa la pili ni zawadi ya nidhamu. Baada ya hesabu safi ya taaluma, hii ilitolewa bila sababu yoyote kusomwa, akapewa kaka mkuu. Wanafunzi walipiga makofi machache, na mwenye masikio alielewa. Zawadi ya nidhamu ikiwa haina kigezo, vijana huitafsiri kuwa ni zawadi ya kupendwa na walimu.

Suala la shughuli za wazazi shuleni kabla ya mtihani, Kenya walilishika kwa upande mwingine. Mwaka 2016 aliyekuwa Waziri wa Elimu, Fred Matiang'i, alipiga marufuku siku za maombi na ziara za wazazi katika muhula wa tatu, katika vita dhidi ya wizi wa mitihani. Sisi hatujafika huko, na binafsi sitamani tufike. Mzazi kumshika mwanawe mkono wiki chache kabla ya mtihani kuna kazi yake. Kuhusu gharama nitasema kidogo tu: shule za serikali kidato cha kwanza hadi cha nne hazitozi ada tangu Januari 2016, kwa hiyo mchango wa mahafali unaonekana wazi mfukoni mwa mzazi. Chokaa, karatasi za vyeti na zawadi chache zenye uzito havigharimu kama majoho ya kukodi.

Upungufu mkubwa wa shule hii ulikuwa kwamba vigezo vyake vizuri vilijulikana ofisini tu. Vijana wenyewe walivisikia siku ya kuagwa, wakati havingeweza tena kumsaidia yeyote. Mwalimu wa taaluma unayesoma safu hii, bandika pointi za kidato cha pili na namna zawadi itakavyohesabiwa kwenye ubao wa matangazo siku kidato cha tatu kinapofungua, ukitumia namba za wanafunzi badala ya majina. Mgeni rasmi mtafute baadaye.