Kete ya Kwanza: Umbo la Mwanzo wa Bao

Sataranji humpa anayeanza hatua 20 za kuchagua: askari wanane na farasi wawili, kila mmoja ana njia mbili. Bao la kiswahili humpa nne tu. Labda ndiyo sababu mwanafunzi wa sataranji hushauriwa achague ufunguzi unaolingana na uwezo na tabia yake, Kiitaliano kwa anayejifunza, Sisilia kwa anayependa vurugu, ilhali mwanafunzi wa bao huambiwa acheze tu. Naona ananyimwa haki yake. Njia hizo nne zinatofautiana sana, na tofauti inasomeka kabla hata kete moja haijashuka.

Nawafikiria hasa vijana wa Misungwi. Usukuma una isolo, ndugu wa bao mwenye safu nne vilevile, kwa hiyo kusambaza kete si jambo geni hapa. Kinachomsumbua anayehamia bao la kiswahili ni nyumba, pamoja na kete 22 anazozishika akiba na kuzinamua, yaani kuzitia mchezoni, moja moja. Bao la kujifunza halina mzigo huo: kila shimo lina kete mbili, zote 64 zimo mezani, na karibu kila unapomalizia safu ya mbele pana cha kula. Mwanzo wake ni wa kelele. Unafundisha vidole kazi, lakini haumfundishi mtu kusubiri.

Sasa litazame bao la kiswahili lilivyopangwa. Nyumba yako, shimo la nne kutoka kulia, ina kete sita. Kulia kwake wako majirani wawili wenye kete mbili mbili. Mpinzani amepanga vivyo hivyo, na kwa kuwa mmekaa mkitazamana, kulia kwake ni kushoto kwako. Hivyo nyumba yake haiikabili yako. Inakabili shimo tupu lililo kushoto kwa nyumba yako, na majirani zake nao wanatazama matupu. Kila penye kete pana utupu mbele yake. Hakuna awezaye kula, anayeanza lazima atakate, yaani asambaze bila kula, na haruhusiwi kuigusa nyumba maadamu majirani wapo. Majirani wawili, pande mbili: ndizo njia nne. Mpangilio huu naustaajabia kila mara, maana amani imejengwa ndani ya umbo lenyewe na anayeanza ndiye anayelazimishwa kuamua kama ataivunja.

Namua kwa jirani wa kwanza, aliye kando ya nyumba, uende kushoto. Zimekuwa kete tatu: moja inaingia nyumbani, ya pili inasimama mbele ya nyumba ya mpinzani, ya tatu mbele ya jirani yake wa kwanza. Umejipeleka mdomoni. Sheria inamlazimisha ale, na hapo ndipo penye mtego. Akila kwa jirani, kete yako inabaki ikiitazama nyumba yake, nawe unaila na sita zake zote. Akila kwa nyumba, unamla jirani kete mbili. Umetoa moja, umepata mbili.

Ila faida hiyo ni ya anayehesabu. Kete mbili hizo utaziingizia kichwa kipi, yaani shimo lipi la mwisho la safu ya mbele? Ukianzia kushoto, ya mwisho inaangukia shimo tupu mbele ya jirani yake wa pili, nawe unaliwa. Ukianzia kulia, ya mwisho inamkuta jirani yako wa pili, mkono unaendelea na kete tatu, unapita nyumbani na kumalizikia tena mbele ya nyumba yake, ambayo sasa ina saba. Kitisho kimerudi. Mchezaji asiyeona hilo kabla ya kunamua hajauchagua ufunguzi huu, umemwangukia tu. Alex de Voogt, aliyeandika tasnifu yake ya 1995 juu ya mafundi wa bao, alishughulika na uwezo huu hasa, wa kuzungusha kete kichwani kabla ya kuzigusa.

Jirani wa pili kwenda kushoto sina la kumtetea. Anaacha kete moja mbele ya nyumba ya mpinzani, inaliwa, na huna cha kulipiza.

Kwenda kulia kuna jambo la kutazama kwa makini zaidi. Jirani wa pili akienda kulia, kete mbili kati ya tatu zinaingia safu ya nyuma, ambako haziliwi. Mwanafunzi hupumua. Lakini jirani wa kwanza amebaki pale pale na kete zake mbili, kando ya nyumba, na mpinzani sasa anaweza kukutega vilevile: ule kwa jirani upoteze nyumba, au ule kwa nyumba ukianzia kichwa cha kushoto upoteze jirani; kuanzia kulia tu ndiko kunakookoa, nako kunadai hesabu. Jirani wa kwanza akienda kulia, shimo lake linabaki tupu. Mpinzani akileta mtego, kete yake moja inakabili nyumba yako na nyingine inakabili utupu. Unakula ya kwanza ukianzia kichwa cha kushoto, hana la kulipiza. Kwa mwanafunzi huu ndio ufunguzi wangu. Nampa pia mtu mzima anayecheza kwa haraka stendi, abiria wakijaa, kwa kuwa hauhitaji hesabu ndefu.

Tatizo lake linakuja mpinzani naye akifungua hivyo hivyo. Zamu imerudi kwako, na jirani wa pili, mwenye kete tatu, anapokea ya nne. Ukimpeleka kushoto, moja inasimama tena mbele ya nyumba ya mpinzani na nyingine mbele ya shimo alilolihama; unaliwa moja. Ukimpeleka kulia huliwi, lakini safu yako ya mbele inabaki na nyumba na kichwa cha kulia tu, na mkononi bado una kete 20 za kunamua.